Nipe Kihagara

“Lidia, acha hiyo kahawa. Radi wako mjini.”

Lidia hakuinua kichwa. Alikuwa anazungusha mkono wa mashine ya kumenyea kahawa, maganda mekundu yanatokea huku, punje zinateleza ndani ya ndoo kule. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa maji ya Julai, na Julai ya Umatengoni si ya kuitania.

“Natalia, usinichezee leo.”

“Nikuchezee, mimi rafiki yako? Radi ya Kiangazi, wenyewe, na magita yao. Wamepiga Mbamba Bay, kesho mchana wanapiga Mbinga, kisha wanakwenda zao. Mwimbaji kaniletea suruali nimshonee, imepasuka pale pa kukalia.”

Natalia alikuwa fundi cherehani pale sokoni Mbinga. Baba yake mganga wa zahanati, mtu wa Singida, serikali ilimleta huku akasahau kuondoka. Kimatengo cha Natalia kilikuwa kinawashinda wengine waliozaliwa nacho.

Mkono wa mashine ukasimama.

“Na Daniel?”

Natalia akakaa juu ya gunia, akatazama pembeni.

“Daniel yupo nao. Anabeba spika. Kapanda lori lao huko huko ziwani. Nimemsalimia, kaitika kama mtu anayeumwa jino. Wakimaliza kesho anakwenda nao Songea, halafu Dar es Salaam, na kurudi harudi.”

“Kasema kwa nini?”

“Kasema, ‘Mwambie bibi harusi hongera.’”

Lidia akakaa chini pale pale kwenye maganda.

Sasa sikilizeni ilikoanzia. Ni miaka ile soko lilipofunguliwa, makampuni ya watu binafsi yakawa yanapanda milimani kugombea kahawa, na kila nyumba yenye uwezo ina redio ukutani imevalishwa kitambaa cha kufuma. Radi ya Kiangazi ilikuwa bendi ya kupiga roki kwa Kiswahili, magita yanalia kama bati linalochanwa. Kijiji kizima cha Kitura, kwao Lidia, kilikuwa kinawasikia na hakuna aliyewahi kuwaona.

Daniel alikuwa kijana wa Kihagara, kule chini ziwani. Siku za soko alipanda Mbinga na magunia ya usipa, wale samaki wadogo waliokaushwa mchangani, akapanga biashara yake mbele ya cherehani ya Natalia, kwa kuwa palikuwa na redio. Lidia naye akawa na nguo za kushonwa kila siku ya soko. Nguo zenyewe hazikuisha kupasuka.

Wimbo wao ulikuwa ‘Ngazi ya Maji’. Mwishoni kabisa kuna sauti inayopanda, inapanda, mpaka unahisi itakatika, na haikatiki.

“Yule ni mwanamke,” Lidia alikuwa anasema.

“Lile ni gita,” Daniel anajibu. “Mwanamke gani ana pumzi hizo?”

“Hujamsikia shangazi yangu Bonifasia akimwita mtoto aliyeko mlima wa pili.”

“Basi siku tutakayowaona tutajua. Ukishinda wewe nakupa mji.”

Ndivyo vinavyotegwa vitendawili kwetu, aliyeshindwa hutoa mji.

“Mji gani?”

“Kihagara. Na mchanga wake, na mimi ndani.”

“Ukishinda wewe?”

“Utanipa Kitura.”

Wakaahidiana: hakuna atakayekwenda kuwaona bila mwenzake. Ahadi ya kitoto, mtasema. Ngojeni.

Daniel alikwenda kwa mzee Isidori, baba yake Lidia, kwa heshima zote. Mzee hakumfukuza. Alimpa kipande cha mteremko alime ngolo. Nawategea hiki: mwanamume katandika, mwanamke kafunika, wala hakuna aliyelala. Ndiyo ngolo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza yakipishana, yanakuwa vyumba vyumba mlima mzima. Mwanamke anachimba udongo katikati ya kila chumba na kuyafunika. Panabaki shimo, mvua ikija inakaa humo imetulia, udongo hauendi kokote. Daniel mtu wa mchangani, anajua matuta ya muhogo, akayalaza majani yote yamenyooka kutoka juu hadi chini, kama kamba za nyavu. Mvua ya Aprili ikapata barabara. Ikashuka na udongo wote mpaka kwenye miche ya kahawa.

“Kijana,” mzee Isidori alisema, amesimama kwenye tope, “nimekuomba shamba, umenichimbia mto.”

“Nisamehe, mzee. Nitarudia.”

“Utarudia msimu ujao. Kwenu ni Waanglikana, mnasali vizuri, sikatai. Ila mlima haumjui mtu kwa sala.”

Hakusema hapana. Lidia alilishika neno ‘msimu ujao’ kama mtu aliyeshika ukingo wa mtumbwi.

Ndipo redio ikasema.

Ilikuwa jioni, ukoo umekaa sengu, yaani wote wanakula pamoja kwa mzee, wanaume huku, wanawake kule, na maneno ya nyumba yanasemwa hapo hapo. Redio ukutani ikawa inasoma kadi za salamu.

“Salamu hizi zinatoka kwa Hilari wa Kingerikiti, pamoja na mchumba wake Lidia binti Isidori wa Kitura, Mbinga. Wanawasalimu wazazi wa pande zote mbili, wanasema ahadi ni deni. Wapigiwe Radi ya Kiangazi, ‘Ngazi ya Maji’.”

Matonge yakasimama hewani. Kisha shangazi Bonifasia akapiga kigelegele mpaka kuku wakashuka kwenye mti.

“Mimi sijatuma,” Lidia alisema.

“Haya, mwanangu. Redio ya Dar es Salaam imekujuaje? Imekuota?”

“Shangazi, huyo Hilari hata mkono sijampa.”

“Aibu za kibinti hizo. Na sisi tulizifanya.”

Lidia akamgeukia baba yake.

“Baba, si kweli.”

Mzee Isidori alitafuna polepole. Huyo Hilari mzee alikuwa anamjua, karani wa kampuni moja ya kahawa, ana pikipiki, mtoto wa wakulima.

“Nchi nzima imesikia, Lidia. Nikisema si kweli, nitamwambia nani? Nikapande juu ya mnara wa redio?”

Kesho yake Hilari alikuja na ndugu zake, wamevaa vizuri kabisa, kama watu walioitwa. Na kwa kuwa redio ilikuwa imewatangulia, hakuna aliyewauliza kilichowaleta.

Na kule Kihagara, redio ya mwenye duka nayo ilikuwa wazi jioni ile.

“Kesho misa tunasali mjini,” Lidia alimwambia Natalia, bado amekaa kwenye maganda. “Baada ya misa baba ananipeleka kwa padri, mimi na Hilari. Jumapili ijayo tangazo la kwanza. Natalia, nimesema hapana mpaka sauti imekwisha. Wananisikia kama wanavyomsikia mbuzi.”

“Basi kesho usiseme. Kimbia.”

Misa ilipotoka, mzee Isidori alisimama mlangoni kusalimiana na watu, Hilari pembeni yake anafuta vumbi kwenye viatu. Lidia alitoka kwa mlango wa upande wa akina mama. Alishuka mbio kuelekea ukumbi wa muziki, amefunga kitenge juu ya magoti, upepo wa baridi unamtoa machozi yaliyokuwa yanatoka hata hivyo.

Muziki aliusikia kabla hajafika. Haukuwa ule wa redioni. Ule wa redioni unaingia sikioni, huu uliingia kwenye meno.

Lori lilikuwa nyuma ya ukumbi. Daniel amekaa juu ya bodi, ameupa ukumbi mgongo.

“Daniel.”

Hakugeuka.

“Hongera kwa uchumba,” alisema.

“Sina uchumba.”

“Redio imesema.”

“Hilari ndiye kasema. Redio imesoma tu.”

“Na wewe? Umesemea wapi? Nimekaa nangoja. Kila mchuuzi wa usipa anayeshuka namuuliza, kuna neno kutoka Kitura? Hakuna neno. Wenzangu wananiimbia huo wimbo wakivuta nyavu, wananicheka.”

“Ningesemea wapi mimi, Daniel? Nina redio mimi? Nimesema nyumbani, nimesema shambani, nimemwambia mpaka padri kwenye kitubio akaniambia hiyo si dhambi, endelea na dhambi. Mdomo wangu unafika ukingo wa sengu unaishia hapo.”

Daniel akasema polepole:

“Ungekuja.”

“Nimekuja.”

“Umekuja wakati lori limeshawekwa mafuta. Wakipiga wimbo wa mwisho tunapakia. Nenda nyumbani, dada. Wanakutafuta.”

Alimwita dada. Lidia angepigwa kofi asingeumia hivyo.

“Umewaona?” aliuliza.

“Akina nani?”

“Hao. Umewabebea spika tangu ziwani.”

Daniel akatazama viganja vyake.

“Sijawaona. Wakianza kupiga natoka nje.”

“Kwa nini?”

Daniel alivifunga viganja. Lidia akajua kwamba bado kuna uzi mmoja haujakatika, na kwamba uzi huo unaishia pale wimbo wa mwisho utakapoishia.

Mlangoni Natalia alikuwa anamngoja, amegombana na mtu wa tiketi.

“Huyu yuko na mimi. Na mimi bila sindano yangu mwimbaji wenu angeimba amekaa. Tupishe.”

Ndani kulikuwa na watu mpaka madirishani. Lidia akawaona. Jamani. Yule mwimbaji wa sauti ya ng'ombe dume alikuwa kijamaa kifupi, kimejifunga skafu, kikohozi kimemkamata kwa baridi yetu. Na pembeni yake kijana mwembamba, macho kayafumba, ana gita jekundu. Walikuwa wanaingia mwisho wa ‘Ngazi ya Maji’. Sauti ile ikaanza kupanda. Lidia alimtafuta mwanamke jukwaa zima. Hakuwepo. Kidole cha yule kijana kilikuwa kinapanda kwenye waya, kinatetemeka, na kilio kikawa kinatoka hapo, pale pale, mbele ya macho yake.

Gita. Ameshindwa. Na wa kumwambia kwamba kashinda yuko nje, ameupa ukumbi mgongo.

Alilia kwa sauti na hakuna aliyemsikia, hata yeye mwenyewe.

“Lidia,” Natalia alimshika bega, “geuka taratibu. Baba yako.”

Mzee Isidori alikuwa mlangoni, kofia mkononi, Hilari nyuma yake ananyoosha kidole. Watu wanamsukuma mzee huku na huku. Hajawahi kuingia mahali kama hapa maisha yake yote, na aibu yake ilionekana mpaka shingoni.

Lidia hakurudi nyuma. Alikwenda mbele, kwa viwiko, kwa magoti, mpaka akashika ubao wa jukwaa.

“Kaka,” alimwambia mwimbaji, “niazime hicho chombo.”

“Salamu andika kwenye karatasi, binti, tutasoma.”

“Za karatasi ndizo zilizoniua. Nataka kusema mwenyewe.”

Yule bwana alimtazama machozi, akamtazama miguu yenye vumbi. Akainama, akampandisha.

“Neno moja tu. Tumebakiza wimbo mmoja.”

Lidia akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Akafungua mdomo.

Jenereta likazima.

Taa zikafa, magita yakafa, maikrofoni ikawa kipande cha chuma. Ukumbi ukaguna, miluzi ikaanza, watu wakaanza kugeukia mlango. Hilari alikuwa tayari katikati ya ukumbi, anakuja.

“Shuka, Lidia,” alisema, anatabasamu kwa ajili ya watu. “Unajiaibisha.”

Hapo Lidia alikwisha. Hakuna redio, hakuna umeme, kuna mdomo wake tu, ule ule unaoishia ukingo wa sengu. Na kwa kuwa alikuwa na mdomo tu, akasema kitu ambacho hakuna Mmatengo wa mlimani wala Mnyasa wa ziwani anayeweza kukisikia akanyamaza.

“Kitendawili.”

Wachache wakaitika, kwa mazoea: “Tega.”

“Sikusikia. Kitendawili.”

“Tega.” Sasa ukumbi mzima, hadi madirishani. Mlio ule ulifika barabarani.

“Nimeposwa na mtu asiyeniuliza. Nimeitikiwa na mdomo usionijua. Na mimi mwenyewe nilikuwa namega tonge.”

Mmoja akajaribu:

“Mchawi.”

“Siye.”

“Kifo.”

“Kifo kinabisha hodi. Siyo.”

“Mwenyekiti wa kijiji.”

Watu wakacheka. Lidia hakucheka.

“Mmeshindwa. Nipeni mji.”

“Chukua Songea,” mmoja alisema.

“Songea ina baridi kama ya kwetu. Siutaki.”

“Chukua Dar es Salaam.”

“Huko watu wanaondoka hawarudi. Siutaki. Nipeni mwingine.”

“Chukua Mbinga yetu, binti, utuambie.”

“Mbinga nimezaliwa nayo.” Sauti ilianza kumkatika. “Nipe Kihagara.”

“Chukua Kihagara,” mtu wa dirishani alisema.

“Si yako kuitoa. Mwenye kuitoa ni mmoja, na alishaniahidi. Asiponipa yeye, jibu nakufa nalo.”

Ukumbi ukatulia kama kanisa. Mwimbaji akazuia kikohozi kwa skafu. Hilari alikuwa amefika jukwaani, mkono kaunyoosha kumkamata kitenge, lakini watu wa mbele walimshika koti.

“Ngoja, wewe. Tunangoja mji.”

Lidia alitazama mlango mpaka macho yakaona giza. Alimwona baba yake, kofia mkononi. Hakumwona mwingine. Akaanza kuinama ashuke.

“Chukua Kihagara.”

Alikuwa amesimama kizingitini, nyuma ya mzee Isidori, grisi ya lori mikononi.

“Na mchanga wake?” Lidia aliuliza.

“Na mchanga wake.”

“Na nani ndani?”

“Na mimi ndani, Lidia. Toa jibu, watu wanateseka.”

“Redio,” alisema. “Jibu ni redio. Mimi ni Lidia wa Kitura. Ilisomwa kwamba mimi ni mchumba wa Hilari wa Kingerikiti. Sikutuma, sikuulizwa, sikukubali. Nilikuwa nakula.”

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Karibu wote waliomo mle walikuwa wamezisikia salamu zile. Mzee Isidori akasogea, na safari hii watu walimpisha.

“Hilari. Kadi ile aliandika nani?”

“Mzee, ni salamu tu. Siku hizi kila mtu anatuma.”

“Sijauliza siku hizi. Jina la binti yangu nani alikupa ulitie mkononi?”

Hilari alirekebisha koti.

“Nilijua likishasomwa hewani, mambo yatakwenda haraka. Nyie wazee mna misimu mingi. Ngolo, majani, msimu ujao. Mimi nina haraka.”

“Ndiyo,” mzee Isidori alisema. “Na mimi nikawa na haraka pamoja na wewe. Mtoto ananiambia si kweli, yuko hatua mbili kutoka sahani yangu, nikamwamini mtu aliyeko Dar es Salaam ndani ya boksi.” Akavaa kofia. “Waambie wazee wako wasipoteze nguvu kupanda mlima leo. Nitakuja Kingerikiti mwenyewe kuwaomba radhi, wao hawana kosa.”

Hilari alitoka. Nje pikipiki ilikataa kuwaka, na watu wa madirishani wakamsaidia kwa ushauri mwingi.

Lidia akashuka jukwaani. Wakatazamana yeye na Daniel, wote wachafu.

“Ni gita,” Lidia alisema.

“Nini?”

“Ile sauti. Nimeiona ikitoka. Umeshinda.”

Daniel akacheka, mara ya kwanza tangu redio iseme, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine akafuta uso kwa mkono wenye grisi.

“Basi nakudai Kitura.”

“Kitura si yake kuitoa ukumbini,” mzee Isidori alisema nyuma yao.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe mchimba mito, hilo lori linakwenda wapi?”

“Songea, mzee.”

“Na wewe?”

Daniel alimtazama Lidia.

“Mimi nimeshafika.”

“Hujafika. Kitura inaombwa sengu, tumekaa chini, tumekula. Na Machi uje na panga la kufyekea majani. Ukiyalaza tena kama nyavu, mimi sitaki kusikia habari ya mji wala kijiji.”

Jenereta likakohoa, likashika. Taa zikarudi. Kile kijamaa kikaomba radhi kwa Mbinga nzima, kikasema kwa sababu kuna mmoja humu kawabebea spika safari nzima na hajawaona, wanarudia ‘Ngazi ya Maji’. Sauti ilipoanza kupanda, Lidia hakutazama jukwaa. Alimtazama Daniel akiiona.

Mzee Isidori alisema anangoja umati upungue ndipo atoke. Umati ulipungua, mzee bado amesimama, kidole kinagonga ukingo wa kofia.

Machi Daniel aliyalaza majani yakipishana, chumba kwa chumba, na Lidia akafunika. Mvua ya Aprili ilikuja kwa hasira, ikakuta mashimo, ikakaa. Mzee alizunguka shamba na fimbo yake akitafuta kosa, akarudi nyumbani ananung'unika kwamba hakuliona. Ndoa ilifungwa baada ya kuvuna kahawa. Padri wa huku na padri wa kule walivyoelewana ni habari ndefu, nao wenyewe hawapendi kuihadithia.

Jioni moja sengu imejaa, Daniel anakula na wanaume, redio ikaanza kusoma salamu. Mzee Isidori akanyoosha mkono akaipunguza.

“Kuna mtu wa nyumba hii katuma kadi?”

“Hapana, baba.”

“Bonifasia?”

“Mimi hata kalamu sina, kaka.”

“Vizuri.” Akangoja, sikio limeinama, mpaka kadi zikaisha na gita likaanza. Ndipo akaiongeza mwenyewe, zaidi ya ilivyokuwa.

“Sikilizeni hapo mwisho,” aliwaambia wajukuu. “Mtadhani ni mwanamke.”